Mheshimiwa Ndani ya Kabati ya Mandazi

Ilikuwa siku ya kumi Mheshimiwa hajala, na hata mimi chai ikanishinda.

Wacha kwanza niseme Mheshimiwa ni nani, msije mkadhani nimechizi. Ni chura. Lakini si hawa vyura wetu wa kurukaruka kwa mtaro, hapana! Huyu ni chura wa pembe, ukoo wake unatoka huko Amerika ya Kusini. Ni mviringo kama ngumi ya mwanaume, kijani na kahawia, na juu ya macho ana vinundu viwili vimesimama kama pembe za ndama. Mdomo peke yake ni nusu ya mwili. Kazi yake ni kukaa mahali pamoja, kunenepa, na kungoja chakula kiletwe mpaka mdomoni. Sasa mtu kama huyo ungemwita nani kama si Mheshimiwa?

Niliachiwa na Ingrid, mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha baolojia chuoni Bungoma. Muda wake uliisha, chura hakuweza kusafiri naye, akauliza darasani nani atamchukua. Darasa lote likarudi nyuma hatua tatu. Mimi nikabaki pale mbele, nimetoa macho. Sijawahi kufuga hata paka!

"Nyaruai, utaweza," akaniambia, akanipa karatasi moja. Nimeisoma mpaka imechanika kwa mikunjo. Asipate baridi. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe matope. Maji ya bomba yakae wazi kwa ndoo siku nzima kabla hajapewa. Akae peke yake, kwa sababu mwenzake atammeza. Na chini kabisa, amepiga mstari mara mbili: usimpe kidole.

Nyongesa alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Nyongesa ndiye anaangalia maabara yetu, mtu mzuri sana, lakini kwake kila kiumbe ni cha chupa. Akaniambia, "Dada, huyo akikufa usitupe. Niletee nimweke kwa formalini asioze." Na alikuwa ameshatengeneza lebo, bana! Niliiona na macho yangu. Jina la kisayansi, mwaka 2005, halafu mahali pa tarehe ya kufa pakaachwa wazi.

Hiyo nafasi wazi ndiyo ilininyima usingizi Aprili yote.

Bungoma Mheshimiwa alikula vizuri, nyungunyungu kwa panzi. Kule kuna joto. Halafu chuo kikafungwa, nikambeba hadi kwetu Kibomet, nje ya Kitale, na kama unajua Kitale unajua asubuhi yake. Unaweza kuona pumzi yako. Siku tatu za kwanza alikaa kwa beseni jikoni nikitafuta nyumba yake. Nyambu, jirani yetu, alikuwa amefunga hoteli, akanipa ile kabati ya kioo ya kuwekea mandazi. Nikaiosha na maji moto bila sabuni mara nne, mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Juu nikaweka wavu. Ilibaki udongo tu.

Hapo ndipo Baba akaingia.

Lazima mjue mimi na Baba hatukuwa tunaongea vizuri tangu mwaka mpya. Yeye ni mkulima wa mahindi, na mkulima wa kujisikia. Alitaka nisomee kilimo, mimi nikasomea mambo ya maabara. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita "mama". Tangu ule ugomvi nikawa "wewe msichana". Siku nilifika na chura, alimwangalia akatingisha kichwa. "Nimepeleka msichana chuo, chuo kikanirudishia msichana na chura."

Lakini siku ya tatu, nikiwa naosha kabati, nikasikia wilbaro inalia nyuma ya nyumba. Ni Baba, na udongo mweusi umejaa mpaka juu. Alikuwa ameuchekecha na mikono.

"Kama ni udongo unataka si ungesema? Mambo ya udongo ni mimi. Huu hata mahindi ya maonyesho yangeota usiku mmoja." Akamwaga, akapangusa mikono. "Mwekee huyo mtu wako, mama."

Mama! Nilienda chooni nikalia kidogo, nikarudi nikajaza kabati.

Na kutoka siku hiyo Mheshimiwa hakula tena.

Chura wa pembe akiwa sawa anajizika kwenye udongo, anaacha macho tu. Huyu wangu hakujizika. Alikaa kwa kisahani cha maji mchana kutwa. Nikimtoa anarudi. Wakati mwingine anasukuma kioo na pua, anasukuma, anasukuma, mpaka pua ikawa nyekundu. Mimi nikasema ni baridi. Mami yangu anafuga vifaranga, nikaiba lampu yake nikaiweka kando ya kioo. Joto likapanda vizuri kabisa, lakini Mheshimiwa kwa kisahani tu. Nikabadilisha maji. Nikamtafutia panzi wa kila aina. Nikajaribu kunyamaza, nikajaribu hata kumwimbia! Siku ya tisa tumbo lake lilikuwa limeanza kuwa jekundu chini, na miguu ya nyuma anaivuta.

Jioni hiyo Nyongesa akapiga simu.

"Sasa. Ameenda?"

"Hajaenda!"

"Sawa, si nauliza tu. Jumapili nakuja Kitale kwa harusi ya binamu. Nitapitia kwenu. Nitabeba chupa."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikashika jembe nikachimba nyungunyungu kumi na mbili nyuma ya zizi, wanene, nikawaachilia ndani ya kabati. Nilifikiri labda ataona aibu kula nikimwangalia.

Alhamisi asubuhi ndiyo siku ya kumi. Rafiki yangu Fardosa alikuwa amekuja kutoka mjini, wanaishi karibu na msikiti. Fardosa hapendi chura, anasimama mbali na leso imefunika pua, lakini jicho lake halipitwi na kitu.

"Nyaru, kwani hao unawaanika?"

"Nani?"

"Hao nyungunyungu."

Nikaangalia. Wote walikuwa juu ya udongo. Wengine wamejibandika kwa kioo, wengine wamejikunja kama vipande vya kamba, wamekauka. Hakuna hata mmoja aliyeliwa. Hakuna hata mmoja aliyeingia chini.

"Wamekufa," nikasema.

"Si nyungunyungu anaishi kwa udongo?" Fardosa akauliza. "Mbona hawa ni kama walikuwa wanautoroka?"

Niliingiza mkono, nikachota udongo, nikaufungua kwa mwanga wa dirisha. Punje ndogo za kijivu, zingine zimeanza kuyeyuka. Hizo punje nazijua tangu nikiwa na miaka sita. Msimu wa kupanda kazi yangu ilikuwa hiyo: Baba anachimba shimo, mimi natia kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, Mami anatia mbegu. Kifuniko kimoja, shimo moja, ekari baada ya ekari, na jioni vidole vinawasha mpaka unavilamba ulie.

Na chura anakunywa na ngozi! Ingrid alitufundisha hiyo, nikapata alama zote kwa mtihani!

"Fardosa, lete maji ya mvua! Yale ya pipa! Haraka!"

Nilimtoa Mheshimiwa na mikono imelowa, nikamweka kwa beseni uani, kabati nikaipindua kando, nikawa namwagia maji taratibu na kikombe, tumbo, mapaja, katikati ya vidole. Hakupigana. Hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi, chura wa kuuma mpaka kijiko amelala tu mkononi kama ugali baridi. Fardosa alitupa leso kando akawa anabeba ndoo, analia na kukasirika pamoja. "Wewe chura, usithubutu kufa! Nimeshika maji yako, usithubutu!"

Mlango wa ua ukafunguka. Baba.

Akaona kabati imepinduliwa uani, udongo wake umemwagika kwa nyasi. "Wewe msichana. Udongo wangu umekukosea nini?"

Ningeweza kusema uwongo. Nilifikiria, naapa. Kwa wiki nzima nilikuwa "mama". Lakini Mheshimiwa alikuwa mkononi na tumbo lake jekundu limeangalia juu.

"Baba, huu udongo ulichota wapi?"

"Pale kona ya ghala. Pazuri kabisa."

"Pale ulichanganyia DAP ya kupanda?"

Akainama, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole viwili vile anafanya sokoni akipima mbegu. Akaona zile punje. Akaona nyungunyungu. Uso wake ulishuka pole pole.

"Nilitaka apate ile bora," akasema. Akageuka akaenda shambani bila kofia, na mvua ilikuwa inakuja.

Sasa nipate udongo mwingine wapi? Hesabu mwenyewe: Kibomet kila mtu amepanda, na kila mtu ametia mbolea ya duka mpaka mlangoni. Nyambu ana sukuma wiki, ametia. Kanisa lina mahindi, wametia. Nilisimama uani na kabati tupu, nikaanza kuona ile lebo ya Nyongesa inajazwa kwa kalamu nyeusi.

"Lazima iwe udongo?" Fardosa akauliza. "Si ni kitu laini ya kushika maji tu? Anko Aziz si anatengeneza viti. Yale makumbi ya nazi anajazia, chini ya gunia kunabakia vumbi. Anatupa kila Ijumaa."

Tukakimbia mjini. Anko Aziz alikuwa na misumari mdomoni, akatuangalia.

"Watu huja kutafuta kiti. Nyinyi mnataka vumbi?"

"Ni ya chura, Anko," Fardosa akasema. "Anakufa."

Nilidhani atacheka. Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja. "Chura kwetu Waislamu hauawi. Chukueni gunia lote. Na muyaoshe vizuri, haya makumbi yametoka pwani, yana chumvi."

Tuliosha mara tano na maji ya mvua, tukakamua mpaka yasitoe tone. Nikaweka kina cha vidole vinne. Kigae cha chungu nikakiinamisha pembeni apate pa kujificha. Lampu nikaihamisha upande mmoja peke yake, ili akitaka joto aende, akitaka baridi arudi. Nikamweka katikati, nikafunga wavu.

Ijumaa alikaa pale pale nilipomweka. Hakuenda kwa kisahani, hakusukuma kioo, hakufanya chochote. Baba naye alikula akatoka, kabati hakuiangalia. Jumamosi nilipoamka kabati ilikuwa tupu! Nilipiga nduru, Mami akaja mbio na mwiko. Kumbe yuko. Amejizika, macho mawili na pembe mbili tu zimebaki nje. Lakini nikamshushia nyungunyungu na kijiti, akamwangalia tu mpaka nyungunyungu akaenda zake.

Jumapili saa nane Nyongesa akabisha, suti ya harusi, na mfuko wa karatasi. Akaketi, akapewa chai, akaweka chupa chini karibu na kiatu. Nilikuwa naona lebo kutoka pale nimekaa.

"Siku ngapi hajakula?"

"Kumi na tatu."

Akaangalia kabati kwa huruma. "Dada, si vibaya. Umejaribu."

Nilikuwa sijajibu wakati Baba aliingia kutoka shambani, matope mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Alikuwa ameshika nyungunyungu mmoja kwa vidole viwili, mwekundu, anajinyonga.

"Huyu nimemtoa kule chini mtoni. Hapo hakujawahi kupandwa kitu," akasema. Akasukuma wavu.

"Baba, tumia kijiti!"

"Nimeshika nyoka na hii mikono kule Ndalu, niogope chura?"

"Baba, karatasi imesema—"

Sikumaliza. Makumbi yaliruka. Kitu kililia *pwap!* na Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mzee wa kanisa. Akavuta mkono, na Mheshimiwa akaja nao, ananing'inia kwa kidole cha shahada, macho yamefungwa, mkia wa nyungunyungu unatokeza kando ya mdomo.

"Mtoe! Mtoeni! Ana meno huyu!"

"Anakula!" nikapiga kelele. "Baba usitingishe, anakula!"

"Ananikula mimi!"

Mami alikuwa ameketi chini kwa kicheko. Nyongesa chai imemwagikia suti. Mimi nikakimbia na beseni, tukamtia Baba mkono majini mpaka Mheshimiwa akaachilia, akameza mara moja, mara mbili, akifinya macho kila akimeza, halafu akaangalia kile kidole tena.

Baba aliuangalia ule mkono. Damu kidogo tu, alama kama ya msumeno. Akavuta kiti akakiweka mbele ya kabati, akaketi.

"Nyongesa," akasema, "hiyo chupa yako wekea asali." Halafu bila kugeuka, "Mama, nilimletea mmoja tu. Lete jembe."