Safari ya Kutwa Nzima

Kwa miaka sita muuguzi alimwambia mama yake kwamba kutoka uwanja wa ndege wa nyumbani hadi wa huku aliko ni safari ya kutwa nzima, ndiyo maana haji. Likizo zake akazimalizia kwa marafiki zake. Mama aliamini. Kaka mtu alipomkatia tiketi aende kumwona dada, mama alijifungashia mkate, soksi nzito na chupa kubwa ya chai.

Muuguzi alimsubiri penye mlango wa wanaowasili. Abiria wote wakatoka, mama hayumo. Mwishowe akatokea ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege.

"Huyu mama ni wako?" mhudumu aliuliza huku akicheka. "Kagoma kushuka! Anasema hapa tumepitia tu, kwa binti yake bado sana. Nikamwambia, mama, ni dakika arobaini tu, tumeshafika!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Muuguzi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamgeukia mhudumu. "Rubani wenu leo ana haraka zake, mwanangu. Siku zote huwa ni mbali."

Muuguzi akapokea mzigo bila kuinua macho. Chupa ya chai ilikuwa nzito, haijaguswa.

"Mama, mimi..."

"Wewe nini? Hebu tutafutie vikombe. Chai yenyewe bado ya moto."