Mahindi ya Kupotelea

Baba alikwenda kwa dada yangu kumwona mjukuu, akakaa huko akilishwa na kusifiwa mpaka mashavu yakajaa, na mimi huku nyumbani nikaling'oa shamba lake la mahindi.

Sikuling'oa lote. Tulia kwanza nikueleze.

Tangu barabara ya kuja huku kwetu milimani iwekwe lami, kila mwisho wa wiki watu wa mjini wanakuja na watoto wao kuvuta hewa. Eti hewa. Ya kwao sijui waliipeleka wapi. Wanapanda kilima, wanapiga picha, wanashuka, halafu wanakipiga picha kilima walichotoka kupanda. Jirani yetu, dereva mstaafu wa malori, alipoona hivyo akanunua punda wa kubeba watoto. Punda mwenyewe ana tabia za mwenye nyumba: akichoka anakaa chini na mtoto yuko mgongoni, na hakuna wa kumuuliza. Mjane wa kule bwawani naye akapaka mtumbwi wake rangi ya njano, akawa anazungusha familia majini huku akiwakaripia wakisimama. Kila mtu ana kitu. Sisi tulikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wa baba si wa kuonyeshwa. Wanakamuliwa, basi.

Ndipo nikaliona lile shamba la chini. Mahindi yalikuwa bado ya magotini. Nikachukua jembe nikaanza kuchonga vijia katikati ya mistari. Kimoja kinakwenda kushoto kinakufa. Kingine kinazunguka weee kinakurudisha ulikotoka. Kingine kinakufikisha katikati, ambako kuna kigogo cha kukalia ujutie. Cha kutokea ni kimoja tu, na kipo mahali ambapo mtu mwenye haraka hawezi kukitazama. Mvua ikanyesha, mahindi yakapanda, yakampita mtu kimo. Ukiingia unaona majani na mbingu, basi. Nikachukua kipande cha bati nikaandika kwa rangi: POTEA HAPA, KARIBUNI WOTE.

"Hiyo inasomeka kama unawafukuza," mama akasema.

"Wataelewa."

"Baba yako je, ataelewa?"

Baba hakuelewa. Alishuka shambani hata begi hajaweka chini, akasimama mbele ya lile bati muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Hii nini?"

"Mchezo, baba. Watu wanaingia, wanapotea, wanatafuta pa kutokea, wanafurahi."

"Wanapotea."

"Ndiyo."

"Kwenye chakula cha ng'ombe wangu."

"Ndiyo, ila si unaona mengi bado ya..."

"Mama watoto!" Alivyoita, hata punda wa jirani alijibu. "Njoo uone mwanao alichofanya! Kafyeka majani ya ng'ombe ili watu wazima wapotee!"

Mama akaja na ndoo ya maziwa mkononi, hana hata wasiwasi. "Nimeyaona mbona siku zote. Si wewe ulisema nimwache ajishughulishe?"

"Nilisema ajishughulishe, sikusema anihujumu! Na mtu mzima gani atapotea humu? Shamba hili nimelima kabla huyu hajajua kutambaa. Mimi humu unifunge kitambaa machoni, natoka huku nakunywa chai."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. "Sasa mbona unaogopa watu wakijaribu?"

Mama akaweka ndoo chini haraka, akaingia katikati yetu kama refa. Ikawa mabishano, kukumbushana kazi zote nilizoacha, kuanzia shule. Baba anazo kichwani kwa mpangilio. Mwisho akanyoosha kidole.

"Jumamosi hao wageni wako waje. Akipotea humo mtu mzima hata mmoja, mwenye akili zake timamu, mahindi yatakaa mpaka yakauke yenyewe. Wakitoka wote salama, Jumatatu naingia na panga, nakata mpaka bua la mwisho, na wewe unapanda basi kwenda kwa baba yako mkubwa kufyatua matofali. Umenisikia, Injinia?"

Injinia ndiyo jina analonipa akitaka kuniuma. Na kwa baba mkubwa nilishakaa. Nilidumu mpaka siku nilipomwambia matofali yake yamepinda. Yalikuwa yamepinda. Ningerudi kule, ningeyafyatua kwa miaka, na kila tofali lingekuwa linanicheka.

Jumamosi wakaja. Gari moja, familia moja: mume, mke, na binti yao mdogo ambaye jino la mbele limeng'oka na ulimi haukai ndani. Jirani ndiye aliyewaelekeza kwetu, baada ya punda kukaa chini na kugoma.

Mume ni mwalimu wa udereva. Alijitambulisha hivyo kabla hata ya kusalimia vizuri. "Mimi kazi yangu ni njia, kijana. Nikishapita mahali mara moja, basi."

"Mara moja alitupeleka kwenye harusi isiyo yetu," mke akasema.

"Tukala."

"Tulikula, ndiyo. Na tukapigwa picha na maharusi tusiowajua."

Nikampenda yule mke papo hapo. Na mume nikampenda zaidi, maana mtu wa namna hiyo ndiye hasa niliyemhitaji. Nikamwona kabisa anazunguka humo mpaka asahau jina lake. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro unaopita kando ya shamba, ananoa panga. Hana cha kukata siku ile. Ananoa tu, nisikie.

Wakaingia. Nikaanza kusikiliza. Kwanza kicheko. Halafu mwalimu wa udereva: "Kulia, kulia... hapana, rudi nyuma." Vizuri sana. Halafu akanyamaza. Vizuri zaidi. Halafu nikaona kichwa cha yule binti kimechomoza juu ya mahindi kama mlinzi wa gereza. Baba yake alikuwa amempandisha mabegani.

"Kushoto, baba! Tena kushoto! Pale naona gari letu!"

Chai haijapoa, wametoka. Mwalimu wa udereva anapangusa mikono, anasema, "Si nilikwambia? Njia ni kazi yangu."

Kwenye mtaro baba alicheka. Kicheko chake hakina sauti, mabega tu ndiyo yanapanda na kushuka, na hicho ndicho kibaya zaidi.

"Mmeiba!" nikasema.

"Kuna mahali pameandikwa tusibebane?"

Hapakuwa pameandikwa. Hata binti mwenyewe hakufurahi. Alishushwa chini, akatazama mahindi, akatazama wazazi wake. "Ndiyo imeisha? Mimi sijapotea bado! Nataka tena bila kubebwa!"

"Twende tuingie mimi na wewe," mama yake akasema. "Baba yako akae hapa apumzike na njia zake." Wakarudi ndani. Mwalimu wa udereva akakaa na mama yangu kwenye kivuli cha banda la ng'ombe, akaanza kumweleza jinsi ya kugeuza gari kwenye mteremko. Mama hana gari.

Sasa hapo baba akasimama. Angeweza kukaa tu. Alikuwa ameshashinda, Jumatatu iko mlangoni, mimi nimeshaanza kufikiria nipakie nini. Lakini kushinda kimyakimya hakujui.

"Naingia kuangalia mabua nianzie upande gani," akasema kwa sauti, ili mgeni asikie. "Natokea kule juu sasa hivi. Injinia, uhesabu hata vidole vyako kama unajua, utanikuta nimeshafika."

Akaingia na panga lake, anatembea kama anakwenda kuchukua kitu chumbani kwake.

Nikaenda kusimama juu, kwenye pa kutokea. Hakutokea. Nikarudi chini. Hayupo. Nikasikia majani yanasuguana upande wa kushoto, halafu kulia, halafu tena kushoto, halafu mtu anakohoa kikohozi cha mtu asiyetaka kuita. Nikamwendea mama mbio.

"Mama, baba kapotea."

"Nyamaza wewe."

"Haki tena. Kapita kwenye kile kijia cha mzunguko mara kadhaa. Nimtoe?"

Mama akamtazama mwalimu wa udereva, akatazama mahindi, akamimina chai nyingine taratibu. "Ukimtoa wewe, nyumba hii haitalalika mpaka mwaka mpya. Mwache. Mbona pametulia vizuri?"

Basi nikatulia. Ndipo nikaisikia. *Chwa.* Panga kwenye bua. Halafu tena, *chwa.*

Hapo moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Mzee amechoka, ameamua kujitengenezea mlango wake. Akipasua ukuta mmoja atafika kwenye kijia kingine, atapasua na huo, na huo, atatokea upande wa pili anasema si nilikwambia, na nyuma yake kuna barabara nyoofu ambayo hata punda asingeikosa. Mchezo wangu umekufa Jumamosi hii hii, bila hata kungoja Jumatatu.

Nikakimbia ndani. Njia ninazijua kwa miguu, lakini sauti kwenye mahindi inakudanganya. Unaisikia mbele, kumbe iko ubavuni. Nikafika kwenye kigogo, hakuna mtu. Nikapinda, nikakuta mabua mawili yamelala chini, yamekatwa safi. Mawili tu. Na upande wa pili wa majani nikasikia kasauti kadogo.

"Babu, huruhusiwi."

"Ninaruhusiwa. Shamba ni langu."

"Ukikata umeshindwa. Ni kuiba."

"Nani kasema?"

"Mimi. Baba yangu aliiba, na haikuwa tamu."

Nikachungulia katikati ya majani. Baba amesimama na panga mkononi, jasho linamtiririka, shati limejaa chavua ya njano kama amemwagiwa unga. Mbele yake yule binti kashika kiuno. Mama yake nyuma kajiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtetemeka.

"Wewe umepajua pa kutokea?" baba akamuuliza yule mtoto, chini kwa chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye.

"Nimepajua. Ila usimwambie mtu nimekusaidia. Utalia?"

"Silii mimi."

"Basi njoo."

Sikuwafuata. Nilizunguka mbio nikawahi juu, nikasimama pale nikijifanya naangalia kucha. Wakatoka: binti mbele anamvuta baba kidole, mama yake nyuma kabeba panga, maana baba alikuwa amempa amshikie na hakukumbuka.

"Nimempata!" yule binti akapiga kelele mpaka bandani. "Nimempata babu aliyefichwa! Baba, wamemficha babu humo ndani ili tumtafute!"

Mwalimu wa udereva akasimama. "Kumbe kulikuwa na babu? Mbona hamkutuambia? Sisi tulitoka bila babu, hiyo haihesabiki!"

"Sikufichwa," baba akasema. "Wala sikupotea. Nilikuwa nakagua."

"Ulikuwa unakagua nini muda wote huo, baba watoto?" mama akauliza, uso mkavu kabisa.

"Mabua."

"Aliniuliza nyumbani kwake ni upande gani," binti akasema.

Nakwambia hata ng'ombe waliacha kutafuna. Baba akatazama mbingu, akatazama viatu vyake, akampokonya yule mke panga lake, akashika njia ya nyumbani. Nyuma yake yule binti anaruka ruka: "Mfiche tena! Mfiche tena, sasa baba ndiye amtafute!"

Siku ile hakuniambia neno. Jumapili vilevile. Alikula, akakamua, akalala. Nami nikajua ni heri angefoka. Kupotea amepotea, mashahidi wapo, lakini mtu kama yule anaweza kulikata shamba zima ili tu pasiwe na mahali pa kuonyeshwa kwamba hapa ndipo alipopotelea.

Jumatatu nikaamka, panga halipo ukutani. Kitanda chake kitupu. Nikatoka mbio bila shati, natunga njiani maneno ya kumwambia, mengine mazuri, mengine ya kunifukuzisha kabisa.

Mahindi yalikuwa yamesimama. Yote. Baba alikuwa ndani ya mtaro, anakata nyasi za ukingoni, ameshakusanya kitita kidogo.

"Unakodolea nini? Ng'ombe watakula lile bati lako?"

"Mahindi je?"

"Yana nini?"

"Si ulisema Jumatatu..."

"Nilisema akipotea mtu mzima." Akafuta panga kwenye nyasi, hanitazami. "Mke wa yule mwalimu alipotea. Nilimwona mwenyewe, mama wa watu anazunguka zunguka. Ahadi ni ahadi."

Nikafungua mdomo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikaufunga.

"Na kile kijia cha pembeni mwa mtaro ni chepesi mno," akaendelea. "Mtoto mdogo kakiona! Aibu gani hiyo? Nitakirekebisha mimi. Jumamosi nikae kwenye kigogo, au nisogee zaidi kule kwenye kona?"

"Ukae ufanye nini?"

"Nitafutwe. Si ndiyo wanachotaka? Wewe una umri gani wa kuwa babu?" Akanipa panga, mpini mbele. "Sasa mahindi yako yanakaa, sawa. Ila ng'ombe hawali michezo. Kuanzia leo mpaka yakauke, nyasi za kila siku ni juu yako. Anza hapa. Zote za huku ni nzuri."

Akapanda kutoka mtaroni, akaenda zake kwenye mahindi yangu, mikono nyuma, anatembea kama mwenye mali.

Nikaingia mtaroni nikainama, nikakata. Mashada kama matano hivi, ndipo nikahisi mgongo unawaka, kisha shingo, kisha mikono yote, nikawa najikuna kama mbwa. Upupu. Umejaa mtaro mzima, umejificha katikati ya nyasi, na mimi sina shati. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amesimama kwenye lango la mahindi, ananitazama. Mabega yanapanda na kushuka.