Edith Corwin Ashusha Sauti

"Hayo maji yako machafu, Leonida, yamepanga chumba kwangu?"

"Na jogoo wako anayelala kwa jiko langu, yeye analipa kodi?"

Tulikuwa tumejaa uani kwa Hadijah, nusu ya mtaa wa Burumba, kumsikiliza akigombana na jirani yake Leonida, gari la Chande liliposimama. Chande alikuwa dereva wa Wamerika waliokuja kupiga sinema Malaba, na leo alikuwa amembeba Edith Corwin mwenyewe, mwigizaji wao.

Habari zake tulikuwa nazo tayari, maana Chande hajui siri. Edith alilelewa na jukwaa huko kwao, akafundishwa kupaza sauti mpaka aliyekaa nyuma kabisa asikie. Sinema ilipomchukua, hiyo sauti ikawa balaa. Kamera iko hapa puani, yeye anaita kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Sasa mkubwa wao amemwambia: kesho ukiharibu tena pale mjane anaponyang'anywa shamba, tunaleta mwingine.

Edith akasema kitu. Chande akatafsiri: "Anawaomba msiache. Gombaneni tu."

"Kwani sisi ni bendi?" Leonida akauliza, lakini leso alikuwa ameshaikaza kiunoni. Akamwaga matusi, hata marehemu shangazi ya Hadijah hakupona. Sisi tukashangilia.

Basi Hadijah akamsogelea. Sauti akaishusha mpaka ikabidi wote tunyamaze.

"Huyo shangazi ndiye aliyekuzalisha mtoto wako wa kwanza."

Leonida akailegeza leso kiunoni. Edith alikuwa amemkazia Hadijah macho, midomo yake ikicheza kimya.

Asubuhi Burumba ilihamia Malaba. Edith, sasa mjane wa sinema, akasimama mbele ya mwigizaji mwenzake, mwizi wa shamba, akamsogelea, akasema. Sisi hatukusikia hata neno. Lakini yule mwanamume alirudi nyuma, na Chande aliapa hakuambiwa arudi. Mkubwa wao akavua kofia, wenzake wakapiga makofi.

"Anabaki," Chande akatuambia, meno yote nje. "Mpaka sinema iishe."

Leonida alipiga vigelegele hadi koo likakauka, akimweleza kila mtu kwamba bila yeye kumchokoza Hadijah hakuna sinema.

Jioni Edith akaja kwa Hadijah. Alimshika mikono yote miwili. Hadijah naye akamminya vidole. Akageukia ua, ambapo kilemba cha Leonida kilionekana kwa juu.

"Chande, mwambie mgeni apite, pilau imeiva. Na wewe Leonida, acha kuchungulia kama askari wa forodha. Ingia ule."