Karanga Ndani ya Kopo

Mama Kidege alisikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe, mguu wake ukaganda kwenye kanyagio la cherehani. Kidege alishakunywa uji wake na sasa amelala. Huyu anayekorogewa ni nani?

"Nyamaza, mume wangu," mama mkwe alikuwa akibembeleza jikoni. "Bibi anakutilia unga wa dada yako, nawe unawiri kama yeye."

Mume wangu! Alikuwa Kibonge, mtoto wa wifi yake. Wifi alikuwa barazani akimsuka mteja.

Kibonge na karanga haviketi pamoja. Alipoonja mara moja tu, uso ulivimba hata macho yakafumba, pumzi ikaanza kukwama, na nyumba nzima ikamkimbiza zahanati pekupeku.

Na ndani ya kopo lile la unga wa Kidege mlikuwa na karanga.

Kopo lilikuwa zawadi ya wifi, aliyeuza unga wa virutubisho pamoja na rasta za kusukia nywele. Kidege alipopewa unga huo, tumbo lilimwendesha. Mama yake akasoma maandishi madogo: sukari ndiyo iliyotangulia, na yaliyofuata yalimshinda ulimi. Lakini kukataa zawadi ya wifi mbele ya mama mkwe ni kutia mkono kwenye mzinga wa nyuki. Basi aliumwaga, akajaza kopo mtama na karanga alizokaanga na kusaga mwenyewe. Kopo la Kidege, aligusaye nani? Mashavu ya mtoto yakajaa. Wifi akatamba kwa wateja, "Mnaiona kazi ya kopo?" Mama Kidege akazidi kusaga kwa siri.

Alipofika jikoni, kikombe kilikuwa kimeufikia mdomo wa Kibonge. Akajifanya amejikwaa, akakipiga kikombe. Uji ukamwagika sakafuni.

"Hee! Leo macho umeyaacha kwenye cherehani?" Mama mkwe alicheka. "Si neno, mume wangu, bibi anakoroga kingine."

Mkono wa bibi ukarudi kwenye kopo. Mama Kidege akatazama kijiko kikizama ungani. Angemwaga vikombe vingapi?

"Mama, usimpe! Mna karanga humo!"

Wifi alikuwa mlangoni, kitana mkononi. "Umesema?"

"Nilibadilisha unga, wifi. Ule wako ulimharisha Kidege. Niliogopa kusema."

"Uliogopa kusema, hukuogopa kuniulia mwanangu!"

"Ameshakunywa, Mama?" Mama Kidege alimuuliza bibi.

Bibi alitikisa kichwa, kisha akasita. "Kijiko... nilimlambisha kijiko."

Mdomo wa chini wa Kibonge ulikuwa umeanza kuvimba upande mmoja.

Mama Kidege akamnyakua mtoto, wifi akafuata na kitana chake, bibi nyuma na Kidege mgongoni. Njia nzima Mama Kidege alitega sikio kwenye kifua kile kidogo. Kila Kibonge aliponyamaza, alimfinya alie, maana anayelia anapumua.

Zahanati, muuguzi aliuliza, "Amekula nini?"

Wote wakamgeukia Mama Kidege.

"Karanga," alisema kwa sauti. "Nilizitia mimi."

Sindano ikapigwa. Wakaketi kwenye benchi, macho yote kwenye mdomo ule. Uvimbe ulishuka polepole mno. Mpaka Kibonge aliponyoosha mkono kuvuta rasta ya mama yake, ndipo wifi akaangua kilio.

"Usinisemeshe leo," alimwambia Mama Kidege. "Kesho labda."

"Sawa, wifi."

Bibi alikuwa akiyabonyeza mashavu ya Kidege, moja kisha jingine, kama anayekagua embe sokoni.

"Kwa hiyo haya ni ya mtama na karanga?"

"Ndiyo, Mama. Na mayai, na mboga za majani."

"Na mimi nimewasifia kopo majirani wote." Akaguna. "Utamsagia na huyu mume wangu. Mtama mtupu. Utasagia uani, mchana kweupe, nami nimekaa hapo hapo natazama."

Wifi alijifuta pua kwa ukingo wa khanga. "Na mimi nitakaa hapo," alisema.