Siku ya Tatu Nikakipa Kirusi Jembe

Usiku wa jana niliota kile kirusi kilichovamia kompyuta yangu kimekaa mkekani sebuleni, kimevaa kanzu iliyopigwa pasi, kinakunywa chai ya tangawizi. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kilitumia kikombe changu.

Nianze na yaliyotokea kweli. Juzi kidirisha kilijitokeza kwenye kompyuta kikiomba ruhusa ya kuingia, kwa adabu zote. Mimi nimelelewa Kisiju, na kwetu hodi haiachwi bila jibu. Nikabonyeza kukubali. Papo hapo mafaili yote yakatoweka, na sauti ya marehemu baba ikiwemo.

Baba alirekodi dakika kumi na nne akieleza makaburi yetu kumi na moja, nani amelala wapi, maana hayana majina. Shaabani ndiyo hii. Jumamosi ndugu wanakuja kuyasafisha na kuyasomea dua, na sauti nilikabidhiwa mimi. Kwa aibu, sikumwambia mtu ila fundi Chande.

"Dada Sikudhani, usihifadhi kitu kingine humo," fundi alinionya. "Faili likiondoka, kiti chake hubaki wazi. Kikikaliwa na jingine, basi tena."

Ndotoni kiti kipo kweli. Ni kile cha baba, cha kamba, kipo katikati ya sebule, na kila anayepita anakitamani. Picha za harusi ya mdogo wangu zinasema miguu inaziuma. Nazitandikia mkeka wa pili.

"Nimekaribishwa vizuri," kinasema kirusi, "lakini kiti sijapewa."

Naona haya. Mgeni kukalishwa chini na kiti kipo! Lakini nakaza moyo.

"Hicho kina mwenyewe."

"Mbona simwoni?"

"Wewe ndiye unayejua ulikomweka."

Kinanionyesha milango ukutani, kila mmoja umeandikwa jina. Nafungua ulioandikwa Baba, natokea sebuleni. Nafungua ulioandikwa Mitihani ya Darasa la Tano, natokea sebuleni tena.

"Hizo ni njia za mkato," kinanieleza.

"Zinakwenda wapi?"

"Kwangu."

Pembeni kuna pipa la taka. Naliuliza kama baba amepita hapo.

"Hajatupwa," linajibu. "Mimi huwakumbuka wote waliotupwa, hiyo ndiyo kazi yangu. Huyo amefichwa tu."

"Kuna tofauti?"

"Kamuulize aliyefichwa."

Mama alikuwa akisema mimi nitamuuliza hata maiti alikufa saa ngapi. Basi narudi kwa kirusi, namuuliza mgeni wangu kama ana wazazi.

"Nilinakiliwa."

"Pole."

"Nimezoea."

"Na umefika lini hapa?"

"Juzi."

Nahesabu kwa vidole. Juzi, jana, leo. Naingia jikoni. Ninakaa ghorofa ya tatu na sijawahi kumiliki jembe, lakini lipo, limeegemea friji. Namkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Mgeni siku mbili," nasema.

Kirusi kinaweka kikombe chini. Kinaligeuza jembe, kinautazama mpini.

"Ya tatu naijua," kinasema. "Ila sijawahi kuifikia. Watu hunifukuza mapema."

Kinapandisha kanzu, kinapiga jembe kwenye zulia. Zulia ni nyasi. Tuko Kisiju makaburini, asubuhi kweupe, na nyasi zimefika magotini. Kirusi kinapalilia vizuri, lazima niseme, kuliko binamu zangu. Kila kinapofyeka pana faili limejikunyata, linapepesa macho kwa jua. Mitihani ya darasa la tano inajikung'uta na kuuliza kama imeshasahihishwa. Naiambia bado.

Penye kaburi la kumi na moja baba amekaa kitako, anapanguza kofia yake.

"Mlikuwa mnahangaikia nini?" anauliza. "Nilikuwa hapa hapa."

Anatembea mpaka kwenye kiti chake, ambacho nacho kimefika Kisiju, anakaa. Kiti kinalia kama kilivyokuwa kikilia zamani. Mimi nalia pia. Nina maswali ya miaka minne, nami napata nafasi ya kuuliza moja tu.

"Baba, shangazi Mwanahija yuko kulia kwa babu au kushoto? Katika sauti yako umetaja kumi tu, yeye hukumtaja."

"Sikiliza mpaka mwisho," anasema baba.

Nikaamka. Kompyuta niliyokuwa nimeizima ilikuwa imewaka, na faili la baba lilikuwa mahali pake. Nilimpigia simu fundi Chande. Akaniambia hajagusa kitu, alikuwa anajiandaa kuja.

Nikakaa kusikiliza. Dakika kumi na nne zilikuwa zile zile, na kikohozi chake mle mle. Ila faili sasa lina dakika kumi na tano.

Katika ile ya mwisho linasikika jembe likilima taratibu. Kisha baba anasema, "Hapo, kushoto kwa mzee, lima pole pole. Huyo ni dada yangu Mwanahija." Jembe linapunguza kasi. Baba anasema, "Pole na kazi, mgeni."

"Nimeshapoa, mzee," anajibu mtu.