Elfu Moja Nisizokuwa Nazo

"Shoga, hivi marehemu alikuachia hisa au alikuachia mume mwingine?" Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja, huku anaanika mashuka upande wake wa ukuta. "Maana siku hizi soko likifunguliwa tu, wewe na hiyo kompyuta mnajifungia chumbani."

Nilicheka, nikamwambia mume huyu hana tofauti na wa kwanza: ukimsemesha hajibu, na ukimpa kisogo kidogo ameshapoteza hela. Akasema basi na yeye nimtafutie wa hivyo, wake anapoteza hela na bado anaongea. Jirani yangu ni mshonaji, ana mdomo, lakini roho yake nyeupe. Wengine waliniuliza vibaya zaidi.

Mume wangu aliuza na kununua hisa katika chumba cha nyuma kwa miaka mingi. Meza imeegemezwa dirishani, kompyuta moja, kiti ambacho mto wake nilishona mimi. Saa za soko alikuwa hasemi. Ukimpelekea chai anainua kidole kimoja, maana yake iweke hapo. Mwanzoni nilidhani anacheza kamari, nikawa namwombea sana. Baadaye alinielewesha kwamba ananunua vipande vya kampuni zenye kazi ya kweli, kiwanda cha saruji, kampuni ya bima, nami nikapunguza maombi kidogo.

Mungu alipomchukua, akaunti ikaja kwa jina langu. Ndiyo iliyokuwa inatulisha, mimi na binti yangu wa mwisho aliyeko chuo cha uuguzi. Na hapo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaanza kuja na bahasha.

Shemeji si mtu mbaya. Msibani alisimama kama nguzo, na kila mtu alijua pa kuegemea. Naye pia ana akaunti yake ya hisa na maneno yote ya soko anayajua. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya kumruhusu auze na anunue kwa niaba yangu. "Wewe pumzika, shemeji," alikuwa anasema. "Hii si kazi ya kufua na kupiga pasi. Sahihi moja tu, halafu kila mwezi nakuletea chako."

Chako. Yaani changu, niletewe mlangoni, nami niseme asante. Na mwezi ambao hakuja, nimfuate kwake nimuulize kwa adabu. Nilijua kabisa kwamba siku nitakayotia sahihi, ndiyo siku nitakayoanza kuomba kilicho changu.

Sikukataa. Sikukubali pia. Nilikwenda kujiandikisha darasa.

Lilikuwa ofisini kwa dalali wa hisa, ghorofani juu ya duka la vyuma, Jumamosi asubuhi. Mwalimu tulimpa jina la Taratibu, kwa sababu kila alilosema lilianzia hapo. Mimi niliishia shule ya msingi, nikakaa mbele nisije nikapitwa. Pembeni yangu aliketi kinyozi mmoja mcheshi, na nyuma yetu mzee aliyestaafu uhasibu, ambaye alilala sana.

Taratibu alitufundisha kwamba kuna oda ya bei yoyote, unasema niuzie sasa hivi kwa bei itakayokuwepo. Na kuna oda ya kikomo, unasema niuzie, lakini si chini ya hapa. Kisha kuna njia. Mimi nilidhani ukibonyeza, oda inakwenda sokoni basi. Kumbe unachagua. Njia ya dalali ni ya ada ndogo: yeye hukutafutia mnunuzi kwanza miongoni mwa wateja wake, na majibu yake huchelewa. Njia ya soko kubwa ni ya haraka, na haraka yake unailipia.

"Sasa nikishatuma nikajuta?" kinyozi aliuliza. "Si nabonyeza tu futa?"

"Taratibu," mwalimu akasema. "Futa ni ombi. Umemtuma mtu wa pili akamrudishe wa kwanza. Huenda atamkuta njiani. Huenda atamkuta keshafika, keshauza, anahesabu hela. Mpaka upate jibu, hujui una nini mkononi. Usitume mwingine."

"Kama barua ya posa," kinyozi akasema.

"Hasa. Ukipeleka ya pili kabla ya kujibiwa ya kwanza, utaoa wawili."

Hata mzee wa uhasibu aliamka akacheka.

Siku yenyewe shemeji alikuja soko halijafunguliwa, bahasha kwapani, kalamu mfukoni. Habari zilikuwa zimetoka kwamba tanuri la kiwanda cha saruji limepasuka na kuwasha moto. Mimi nilikuwa na hisa elfu moja za kiwanda hicho, na nilikuwa nimeshaamua kuziuza kabla hajabisha hodi.

"Utauza peke yako?"

"Na Mungu."

"Mungu hana akaunti kwa dalali, shemeji." Akaketi kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu. "Haya, tukubaliane. Oda yako moja, mbele ya macho yangu. Ikienda salama, hunioni tena na hii bahasha. Ikiharibika, unatia sahihi leo leo, na hatusumbuani."

Nilikuwa nimechoka na bahasha ile. Nikasema, "Oda yangu moja. Sawa."

Soko likafunguliwa. Hisa moja ya saruji ilikuwa shilingi hamsini na mbili na nusu. Nikaandika: uza elfu moja, kikomo hamsini na mbili, njia ya dalali. Nikasoma mara mbili, nikatuma. Pembeni pakaandikwa inasubiri.

"Njia ya dalali?" shemeji akasema. "Hiyo ni njia ya kwendea kliniki."

"Ada yake ndogo."

"Na mwendo wake mdogo. Kiwanda kimeungua, wewe unapanda mkokoteni."

Bei ikagusa hamsini na mbili, ikakaa hapo kidogo kama inayofikiri, kisha ikateleza chini. Oda yangu bado inasubiri. Bei ikateleza tena. Nilisikia kiti cha plastiki kikilia nyuma yangu.

"Inakukimbia, shemeji."

Kweli ilikuwa inanikimbia. Nikabonyeza futa, ili niipeleke njia ya soko kubwa. Pembeni pakabadilika: ombi la kufuta linasubiri. Nikatoa mkono kwenye kipanya, nikauweka mapajani.

"Sasa mbona umekaa? Tuma soko kubwa."

"Sijajibiwa."

"Ujibiwe nini? Si umefuta mwenyewe, nimekuona."

"Nimeomba kufuta."

"Unaona hiyo bei? Hamsini na moja na nusu hiyo. Unasubiri ifike ngapi, thelathini?"

"Nasubiri jibu, shemeji."

"Hela za kaka yangu zinaungua, wewe unasubiri jibu."

Mkono wake ukapita juu ya bega langu. Miaka yote ile hakuwahi kunigusa zaidi ya mkono wa salamu, na mimi nilijikunja kumpisha kabla sijajua nafanya nini. Hapo ndipo alipokipata kipanya. Uza, elfu moja, bei yoyote, soko kubwa. Kompyuta ikatoa kisanduku chenye maneno na kuuliza ndiyo au hapana. Mimi nasoma polepole. Nilikuwa mstari wa kwanza alipobonyeza ndiyo.

Hapo hapo ikajibu. Elfu moja zimeuzwa, hamsini na moja.

"Umeona?" Akapiga kofi moja. "Ndivyo inavyofanywa. Sasa vuta kalamu."

Sikuvuta kitu. Nilikuwa naangalia mstari wa juu, ule wa oda yangu ya kwanza, ambao sasa nao ulikuwa umebadilika. Ombi la kufuta limekataliwa. Oda imekamilika: elfu moja, hamsini na mbili.

Nikausoma tena, nikapitisha kidole chini ya maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikashuka mpaka kwenye orodha ya hisa zangu. Palipokuwa na saruji elfu moja, paliandikwa saruji, alama ya kutoa, elfu moja.

"Shemeji," nikasema. "Tumeuza mara mbili."

Aliinama akatazama. Pumzi yake ilikuwa inanipiga shingoni.

Marehemu alikuwa na akaunti ya aina ile ambayo dalali humkopesha mtu hisa za kuuza. Hicho ndicho kisanduku kilichokuwa kinauliza: hizi huna, tukukopeshe? Na mkono wa shemeji ukajibu ndiyo. Sasa nilikuwa nimemuuzia mtu nisiyemjua hisa elfu moja zisizokuwa zangu. Lazima ninunue elfu moja nirudishe, kwa bei yoyote itakayokuwepo siku nitakayonunua. Taratibu alikuwa ametuambia: ulicho nacho kikishuka, mwisho wake ni sifuri, unachodaiwa kikipanda, hakina dari.

"Sikiliza," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imepata dawa. "Hii ni bahati. Iache hivyo hivyo. Tanuri limepasuka, bei itaanguka, tutazinunua chini huko, na tofauti yote ni yako. Watu wanafanya kila siku."

"Hizi ni za nani?"

"Za dalali. Amekukopesha."

"Nilimwomba lini?"

"Shemeji, usilete mambo ya ibada hapa."

Mimi sijui kuyaacha mlangoni kama viatu. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, nisikosee kusoma, kwa sababu bei ilikuwa imegeuka. Hamsini na moja na robo. Hamsini na moja na nusu. Sijui nani alikuwa ananunua saruji ya kiwanda kilichoungua, lakini alikuwa ananunua kwa kiu.

"Itashuka," shemeji akasema.

Hamsini na mbili.

"Itashuka tu."

Nilitamani kuzinunua zote elfu kwa mpigo, bei yoyote, yaishe. Lakini ukiingia soko linalopanda na oda kubwa isiyo na kikomo, unalisukuma mwenyewe juu. Nikaandika nunua mia tatu, kikomo hamsini na mbili na robo, soko kubwa. Zikaingia. Nikaandika mia nne, hamsini na mbili na nusu. Zikaingia mia moja, nyingine zikabaki zinasubiri, na bei ikaziruka ikaenda zake. Hamsini na tatu.

Ilibidi nifute zilizobaki. Nikabonyeza futa. Ombi linasubiri.

Nilikalia mikono yangu. Kweli kabisa, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, na nikakivuta kiti mbele mpaka tumbo likagusa meza, asipatikane mtu wa kupitisha mkono. Shemeji alikuwa amesimama dirishani. Bei ilikuwa inapanda, kila hatua ni hela yangu inatoka, na yale maandishi hayabadiliki. Mgongo wa gauni ulikuwa umelowa. Hapo, nisiseme uongo, niliwaza kwamba ningetia sahihi tangu mwanzo ningekuwa jikoni sasa hivi, nasikiliza redio.

Ombi la kufuta limekubaliwa. Mia tatu.

Nilizokwisha kununua zilikuwa mia nne. Nikaandika mia sita, kikomo hamsini na tatu na nusu. Zikaingia kwa mafungu madogo madogo, kama mtu anayelipa deni huku ananuna, mpaka kwenye orodha yangu, mbele ya saruji, pakabaki sifuri. Nilihesabu hasara kwa kalamu pembeni ya gazeti: zile nisizokuwa nazo zilikuwa zimekula karibu yote niliyotenga kwa nauli ya binti ya kwendea chuo muhula ule.

Bado nilikuwa naitazama hesabu ile aliposema, "Angalia."

Saruji ilikuwa inaanguka. Hamsini na mbili. Hamsini na moja. Ikapita hamsini bila kusimama.

"Nilikwambia nini?" Sasa alikuwa amerudi kuwa yeye. "Nilikwambia itashuka. Ungetulia kidogo tu ungekuwa unahesabu faida. Umenunua kileleni, shemeji. Kileleni kabisa."

"Ni kweli," nikasema. "Ulisema itashuka, na imeshuka."

"Basi." Akatoa fomu kwenye bahasha, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake. "Tulikubaliana. Imeharibika."

Niliitazama ile nafasi ya sahihi, mstari mfupi wa nukta. Kisha nikageuza kioo cha kompyuta kimwelekee yeye.

"Tulikubaliana oda yangu moja," nikasema. "Oda yangu hii hapa. Elfu moja, hamsini na mbili. Haina kasoro."

"Kwa hiyo hasara ni yangu mimi?"

"Sijakudai. Nitaibeba. Lakini sahihi sitii."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua."

"Kaka angekuwepo asingekubali nifanyiwe hivi nyumbani kwake."

Sikutaka kulisema lililofuata, lakini lilikuwa limeshafika. "Kaka yako alikuwa na wewe miaka yote, shemeji, na kiti hiki hakukukabidhi hata siku moja. Sikuwahi kumuuliza sababu. Na wewe sikuulizi."

Alinitazama. Akatazama kioo, ambako saruji ilikuwa bado inashuka kama alivyotabiri. Akaichukua kalamu, akaichomeka mfukoni, akakirudisha kile kiti cha plastiki ukutani mahali pake, akatoka.