Mtumishi wa Dakika ya Kumi na Tatu

Mimi, Jokha binti Harub, mwanafunzi wa bweni Nairobi, niliyekuja Ibra, Uarabuni, kwa likizo ya mwaka 1984, ndiye niliyekuwa mkalimani rasmi wa video ya shangazi yangu, Bi Ghaniya. Kila Alhamisi baada ya alasiri majirani walikaa mkekani, nami kando ya televisheni nikiwageuzia Kiingereza cha filamu za zamani kuwa Kiswahili. Kazi ya heshima kubwa, isiyo na mshahara.

Filamu ya wiki ile ilikuwa ya vichekesho, nyeusi na nyeupe. Wazungu walianguka juu ya makochi kwa bidii. Dakika ya kumi na tatu aliingia mtumishi wao, mwanamke mweusi, mnene, kitambaa kichwani, na kwa kuzungusha jicho tu akachekesha kuliko wote.

Bi Turkiya hakuwahi kumwona mtumishi huyo. Alikuja na familia yetu kutoka Tabora. Ni "mtu wa nyumbani", husema shangazi, na hapo maelezo hukoma. Yeye ndiye mshika dele la kahawa, na mshika dele hakai mpaka mgeni wa mwisho atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Wageni wetu walikuwa na kiu ya ngamia. Mara mbili tulikuwa tumeshaukodi mkanda ule, na mara mbili alisikia kicheko akiwa ameipa televisheni mgongo.

"Anafanana na nani?" aliniuliza jikoni.

"Na wewe."

"Basi leo lazima nimwone. Mwenye duka la video anahamia Sur na mikanda yake yote."

Dakika ya kumi na mbili, jirani yetu Bi Fawziya alikuwa kwenye kikombe cha sita. Nikatafsiri kwa sauti ya khatibu: "Bwana anasema, mwanamke akizidisha vikombe vitatu huota ndevu."

Vikombe vikatikiswa kama njuga.

"Kasema yote hayo?" shangazi akauliza. "Mbona mdomo kaufungua mara moja?"

"Kiingereza lugha fupi, shangazi."

Bi Turkiya akaketi. Mtumishi akaingia, akazungusha jicho, akasema, "Ndiyo, bibi," akaenda kufungua mlango. Bi Turkiya akangoja arudi. Hakurudi. Bi Turkiya aliinama mbele mpaka majina ya mwisho yalipopita.

"Yeye jina lake nani?"

Nilisoma yote. Mimi ni mwongo wa kusomea, lakini jina la kumbunia halikuja.

"Hawakuandika."

"Na yule mbwa?"

"Mbwa wamemwandika."

Hodi ikabishwa nje. "Turkiya, fungua mlango," akasema shangazi.

Bi Turkiya hakuinuka. "Rudisha, Jokha."

"Kurudisharudisha kunaharibu mashine!" shangazi akafoka. "Turkiya, husikii hodi?"

"Nasikia. Rudisha, mwanangu. Na safari hii usitafsiri."

Hodi ikabishwa tena. Nikabonyeza kitufe.